Viti Saba, Nafsi Nane: Safari ya Umra kutoka Kimuka

Kimuka si mji unaotajwa sana katika mazungumzo ya watu wa pwani. Uko upande wa magharibi wa vilima vya Ngong, katika kaunti ya Kajiado, pale ambapo ardhi huanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa na barabara itokayo Ngong huendelea mpaka Suswa. Kwa kuwa miinuko ya Ngong iko upande wa mashariki, jua la asubuhi huchelewa kidogo kuwafikia wakazi wake, na baridi ya alfajiri hukaa muda mrefu kuliko sisi wazawa wa Lamu na Mombasa tulivyozoea. Juu ya vilima husimama mitambo ya upepo ya KenGen, ambayo kwa jumla ina uwezo wa kuzalisha megawati 25.5 za umeme. Upande wa chini, reli ya kisasa iliyofunguliwa Oktoba 2019 kati ya Nairobi na Suswa hupenya ardhi ya Ngong kwa handaki la takriban kilomita nne na nusu. Baina ya upepo wa juu na reli ya chini hupita ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai, nao ndio wenyeji waliotupokea.

Jamaa zetu wengi wamehamia kaunti hii kwa sababu za kazi na kwa sababu ya viwanja. Baadhi yetu tuko Kimuka, na wengine wako Kitengela, kwenye barabara iendayo Namanga. Kaunti ni moja, lakini kutembeleana si jambo dogo: ama mtu azunguke kwa Kiserian na Isinya, ama apitie pembezoni mwa Nairobi na kuonja msongamano wake. Hivyo tulipoazimia kwenda Umra pamoja, kila nyumba ilikata tiketi zake kwa wakala aliye karibu nayo. Kimuka ilikuwa na viti vinne: cha Bibi yetu, cha mwanawe, cha mkwewe aliyebeba mtoto mchanga mapajani, na cha mjukuu wa kiume wa miaka minne. Kitengela ilikuwa na viti vitatu: cha Ami, cha mkewe, na cha binti yao wa miaka kumi na mmoja. Jumla yetu ilikuwa nafsi nane katika viti saba, ndege moja, siku moja.

Wazee wetu hawakulijua suala la kupangiwa viti. Katika jahazi la kutoka Lamu, kila jamaa walitandika mkeka wao na kukaa na watoto wao katikati, na nahodha hakumuuliza mtu namba yake. Katika treni ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, viti vya daraja la kawaida hutazamana, na ukitaka kubadilishana nafasi na mwenzako mnazungumza na kumaliza. Ndege haiko hivyo. Kila kiti kina jina la mtu, na nyuma ya jina hilo kuna mfumo wa kompyuta ambao haujui nani ni mama na nani ni mwana ila kwa kadiri ulivyoambiwa. Tiketi zilizokatwa kwa namba mbili tofauti, hata za ndugu wa tumbo moja, kwa mfumo huo ni za watu wasiojuana.

Kukaa pamoja kwetu hakukuwa suala la raha. Bibi ameshona kofia tangu akiwa kigori, na akiba ya safari hii ilitoka katika sindano yake, kofia moja baada ya nyingine, kwa miaka mingi. Macho yake sasa yamefifia, masikio yamekuwa mazito, na kisukari kinamlazimu kudungwa sindano ya insulini na kula kwa wakati. Zaidi ya hayo, aendaye Umra kwa ndege hutakiwa kutia nia ya ihramu kabla ya kuvuka miqati, na miqati hufikiwa angani kabla ya kutua Jeddah. Wahudumu hutangaza, lakini tangazo hilo huja kwa Kiarabu na Kiingereza, kupitia kipaza sauti chenye mkwaruzo. Bibi akikaa peke yake, nani angemgusa bega na kumwambia kwamba wakati umefika? Mwanamke mzee aliyengoja nusu ya umri wake asingependa kupitishwa mpaka huo akiwa amesinzia.

Tuliswali Alfajiri nyumbani na kuondoka Kimuka saa moja asubuhi, ingawa ndege yetu ilikuwa ya saa nane mchana. Jirani yetu wa Kimaasai, mzee mwenye gari la mizigo lililogeuzwa la abiria, ndiye aliyetubeba. Alisimama mara moja tu, tulipofika Ngong, ili Bibi apate chai na kipande cha mkate. Kisha tukashika barabara ya kusini inayokwepa katikati ya jiji na kutokea barabara ya Mombasa, na kufikia saa nne tulikuwa tumewasili katika uwanja ambao wazee bado huuita Embakasi. Ulifunguliwa mwaka 1958, na ukapewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978. Jamaa wa Kitengela walikuwa wametutangulia na kutushikia nafasi katika foleni.

Ami ndiye tuliyemteua kuwa amiri wa safari, kwa kufuata mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba wasafiri watatu na zaidi wamteue mmoja wao awaongoze. Uamiri ule ulianza kazi mapema kuliko alivyotarajia. Viti tulivyokuwa tumechaguliwa na mawakala majuma mawili kabla vilikuwa vimefutika, kwa kuwa shirika lilikuwa limebadilisha aina ya ndege, na mpangilio wa viti wa ndege moja hauhamii katika nyingine kama ulivyo. Mashine ilipotoa kadi za kupandia, ilikuwa imetutawanya kama mtama. Mama na mtoto mchanga walikuwa safu ya 9. Mjukuu wa miaka minne alikuwa safu ya 14, peke yake, baina ya watu wazima wawili tusiowajua. Binti wa Ami alikuwa safu ya 18, baba wa watoto safu ya 22, Ami na mkewe safu ya 24, na Bibi safu ya 27, kwenye ujia.

Nyuma ya kaunta alikuwa binti kijana aliyekwisha kuhudumia watu wengi asubuhi ile. Bibi alimtangulia Ami kusema. "Mwanangu," alimwambia, "mimi sioni vyema wala sisikii vyema. Niweke na mtu wangu mmoja tu, wengine watajijua." Yule binti akamtazama, akazitazama kadi zote saba, akajibu kwa upole, "Mama, nipe dakika chache. Si viti vyote ninavyoweza kuvigusa, lakini tutaona."

Katika dakika zile tulijifunza mambo ambayo abiria wengi hawaambiwi. Jambo la kwanza ni kwamba mashirika huzuia baadhi ya viti visichaguliwe mtandaoni, ili wahudumu wa uwanjani wawe na nafasi ya kuwapanga wenye watoto na wenye ulemavu. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa na simu yake kwamba ndege imejaa, na kaunta ikampatia kiti. Viti hivyo havidumu; anayefika mapema huvikuta, na anayechelewa hukuta vimeshagawanywa.

Jambo la pili ni kwamba mtoto mchanga hawekwi popote. Juu ya kila kundi la viti kuna idadi maalumu ya vinyago vya oksijeni. Katika ndege ya viti vitatu kila upande, kwa kawaida kuna kinyago kimoja tu cha ziada kwa kila kundi la viti vitatu. Kwa hivyo watoto wawili wa mapajani hawawezi kukaa katika kundi moja, hata kama mama zao ni dada. Tulikuwa tunafikiri kwamba mama angeweza kurudishwa safu ya 24 tuliko wengi. Haikuwezekana, kwa sababu ng'ambo ile wachanga wengine walikwisha kupangwa.

Jambo la tatu linahusu safu za milango ya dharura. Wengi huzitamani kwa sababu zina nafasi ya miguu, lakini hazipewi mtoto, wala mwenye mtoto, wala mzee asiyeweza kuufungua mlango na kuwasaidia wengine. Zilikuwamo nafasi mbili huko, na kwetu sisi zilikuwa kama hazipo.

Baada ya kugonga vitufe kwa muda, yule binti alimhamisha mjukuu hadi safu ya 9, kando ya mama yake, katika kiti kilichokuwa kimezuiwa. Baba yake alipata kiti safu ya 10, upande wa pili wa ujia, ili aweze kumpokea mmoja wa watoto akihitajika. Kisha Ami akatoa kiti chake cha safu ya 24. Bibi akawekwa hapo, katikati, kando ya mke wa Ami aliyekaa kwenye ujia, na Ami akachukua kiti cha Bibi cha safu ya 27. Alibaki binti wa miaka kumi na mmoja katika safu ya 18. "Huyo," akasema yule mhudumu, "ombeni ndani ya ndege, lakini ombeni kwa adabu."

Neno lile la mwisho tulilichukua pamoja na kadi zetu. Katika dini yetu, suala la viti lina mafunzo yake ya zamani. Suratul Mujaadala, katika aya ya 11, inawafundisha waumini wapeane nafasi katika mabaraza. Mtume, rehema na amani zimshukie, kama ilivyopokewa na Ibn Umar katika vitabu vya Bukhari na Muslim, alimkataza mtu kumwinua mwenzake kutoka alipokaa ili akae yeye, na akahimiza watu watanue na kupeana nafasi. Mafunzo haya mawili husimama pamoja. Aliyeketi huhimizwa awe mkarimu, na anayeomba hukumbushwa kwamba kiti si chake. Aliyesahau la kwanza huwa mchoyo, na aliyesahau la pili huwa dhalimu hata kama amebeba mtoto.

Tulipopanda, Ami alimwendea kwanza kijana aliyekaa dirishani katika safu ya 24. Alimsalimia, akamweleza shida yetu, na akamwomba abadilishane na binti. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Kiti cha binti kilikuwa cha katikati, naye alikuwa amelipia dirisha ili apate kuegemea na kulala, kwa kuwa akishuka Jeddah alikuwa na safari nyingine ya basi mbele yake. Ami alimshukuru na hakurudia ombi. Mmoja wetu alianza kunung'unika, na Bibi akamnyamazisha kwa kumfinya mkono. Yule kijana alikuwa amelinda haki yake kwa maneno mazuri, na baadaye yeye ndiye aliyeinuka kumshushia Bibi mkoba wake kutoka rafuni bila kuombwa.

Mbele yao kidogo, katika safu ya 23, kwenye ujia, alikuwa mama mmoja mfanyabiashara mwenye mkoba mkubwa wa vitambaa. Ami alimwambia, "Dada, nina kiti cha ujia kama chako, safu nne nyuma. Ukikikubali, binti yangu atakaa hapa mbele ya mama yake." Yule mama hakuuliza neno. Aliuchukua mkoba wake, akasema kwamba naye ana watoto, akaenda safu ya 27. Ami akaketi katika kiti cha binti yake, safu ya 18, katikati ya watu wawili wenye mabega mapana, mbali na kila mtu wake. Amiri wa safari ndiye aliyepata kiti kibaya kuliko vyote, na tangu siku hiyo hakuna katika jamaa aliyemwonea wivu wa cheo.

Juu ya Bahari ya Sham, baada ya chakula, Bibi alisinzia kama tulivyojua kwamba atasinzia. Tangazo la miqati lilipotolewa, sisi tuliokuwa mbele tulilisikia nusu tu kwa sababu ya kilio cha mtoto. Mke wa Ami alilisikia lote. Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Bibi, akamsogelea sikioni, akamwambia, "Mama, tumefika miqati. Tia nia." Bibi akafumbua macho, akatia nia, na talbiya yake ilikuwa ndogo na yenye kutetemeka, kiasi kwamba watu wa safu mbili tu ndio walioisikia. Kwa ajili ya sekunde zile ndipo tuliposimama kaunta kwa muda ule wote.

Tumeyaandika haya kwa sababu tunajua kwamba jamaa nyingi za pwani, walioko nyumbani na waliotawanyika bara, husafiri hivi hivi: tiketi mbalimbali, wazee na wachanga pamoja. Si kila nchi inayomwachia abiria bahati yake. Nchini Canada, kanuni zilizoanza kutumika Desemba 15, 2019 zinataka mtoto wa chini ya miaka mitano akae kando ya mzazi au mlezi wake. Wa miaka mitano hadi kumi na mmoja akae safu moja naye bila kutenganishwa kwa zaidi ya kiti kimoja, na wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu asiachane naye kwa zaidi ya safu moja. Haya yote hufanywa bila malipo ya ziada. Nchini Uingereza, mamlaka ya usafiri wa anga hushauri watoto wadogo wakae safu moja na wakubwa wao, na ikishindikana wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja. Sababu yake haihusu huruma peke yake. Ikitokea dharura, mzazi atakimbia kumtafuta mwanawe, na akikimbia kinyume na watu huchelewesha wote kutoka.

Kwa hivyo, enyi ndugu zetu mnaojiandaa kwa safari, tunawausia machache. Kateni tiketi zenu kwa namba moja inapowezekana. Ikiwa zimeshakatwa mbalimbali, mtakeni wakala au shirika liziunganishe, na mtaje mapema kwamba yupo mchanga, au mzee, au anayehitaji kiti cha magurudumu. Siku mbili kabla ya safari viangalieni tena viti vyenu, maana ndege ikibadilishwa huenda vimebadilika nanyi hamna habari. Fikeni uwanjani mapema, na shida yenu ielezeni kaunta, kwa kuwa pale ndipo penye mamlaka ya kuvipanga. Mkifika langoni nafasi imepungua, na ndani ya ndege mnabaki kutegemea hisani ya watu.

Mkilazimika kugawanyika, msianze kwa kuwaunganisha mume na mke. Anzeni kwa kuhakikisha kwamba kila mtoto ana mtu mzima wake na kila mzee ana mwenye kumsikia. Dawa zikae na mgonjwa mwenyewe au na aliye kando yake, wala zisiwekwe katika mkoba wa anayeketi safu kumi mbele; insulini ya Bibi ilikuwa begani mwake tangu Kimuka. Mkiomba kubadilishana na abiria, mpeni kiti kilicho sawa na chake au bora zaidi, ujia kwa ujia, dirisha kwa dirisha. Akikataa, mshukuruni. Na msihame kabla ya kuwaarifu wahudumu, hasa katika ndege ndogo kama ziendazo Lamu, ambamo uzito wa mbele na wa nyuma huwa na hesabu yake.

Nanyi ambao mtasafiri peke yenu, mkiwa na viti mlivyovichagua, mkaombwa na mama mwenye mtoto au mzee asiyeona, kumbukeni kwamba hakuna awezaye kuwalazimisha, na kwamba jibu lenu, liwe la kukubali au la kukataa, litabaki nanyi kwa urefu wa safari. Yule mama wa vitambaa hatumjui jina lake, wala hatukumwona tena baada ya ukumbi wa mizigo. Bibi alimwombea mbele ya Al-Kaaba, akimtaja kwa sifa moja aliyoijua, kuwa ndiye mwenye safu ya 23. Mwenyezi Mungu anawajua waja wake kwa majina yao, na tunamwomba awakutanishe wasafiri wote na jamaa zao kwa salama.